Jiwe Kavu la Tangi la Bahari: Lipia Matundu, Usilipie Uzito

Mawe ya tangi la samaki wa baharini huuzwa kwa kilo, na hapo ndipo mnunuzi wa Kigali anapoanza kupunjika. Kazi ya jiwe ndani ya tangi ni kuwapa bakteria makazi. Wale wanaohitaji oksijeni hukaa karibu na uso wa jiwe na kugeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitrati. Wa ndani zaidi, kusikofika oksijeni ya kutosha, huivunja nitrati hiyo mpaka ikatoka kama gesi ya nitrojeni. Yote hayo hufanyika kwenye kuta za matundu. Jiwe lililoshikana lisilo na matundu ni mzigo tu: umelilipia, umelisafirisha, linakula nafasi ya maji, na bakteria wanaishi kwenye ganda lake la nje. Ndiyo maana ule ushauri wa kuhesabu kilo kadhaa za jiwe kwa kila lita kadhaa za maji ni mbovu: unamzawadia muuzaji mwenye mawe mazito.

Uwazi wa ndani haupimwi kwa macho. Pima jiwe likiwa kavu kabisa, litumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha tazama mapovu. Yakitoka kwa fujo mara moja na kukoma, matundu ni ya juu juu. Yakiendelea kutoka moja moja, madogo, kutoka pande zote kwa dakika nyingi, maji yanasukuma hewa iliyokuwa katikati ya jiwe, maana yake njia za ndani zimeungana. Liache lilale majini usiku kucha, lifute, lipime tena. Kwa kipimo changu, jiwe la kilo 1 lililoongezeka gramu 150 na zaidi ni la kununuliwa. Lisilofikisha gramu 50 lipelekwe kwa mafundi wa msingi wa nyumba.

Kwa Afrika Mashariki jiwe linaloshinda jaribio hili mara nyingi ni tumbawe la kale la nchi kavu. Ukanda wa Pwani umekaa juu ya miamba iliyojengwa na matumbawe wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Miamba hiyo ndiyo iliyotoa mawe ya magofu ya Gede na ya Mji Mkongwe wa Unguja, na ndiyo iliyochimbwa Bamburi, karibu na Mombasa, kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1950, kabla ya machimbo kupandwa miti na kuwa hifadhi ya Haller Park. Tafuta vipande ambavyo vijumba vya matumbawe bado vinaonekana, si vile vilivyoshikana na kung'aa vinapovunjwa. Chungulia pia matundu: yakijaa udongo mwekundu, utakuwa na kazi ndefu ya kusafisha. Tumbawe lililong'olewa baharini usilikubali hata kwa bei ya bure. Miamba ya Bahari ya Hindi iliumizwa vibaya na joto la 1998, na matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao hauyagusi yale yaliyokwisha kuwa visukuku.

Atakayeuliza kwa nini tuhangaike na jiwe linalosafiri zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam, ilhali amakoro, yaani mawe ya volkano ya Musanze, yamejaa matundu na yapo tele, anauliza swali halali. Jibu lililozoeleka, kwamba tumbawe hulinda pH, halinishawishi: katika maji ya bahari yenye pH ya 8 na kitu, jiwe la chokaa haliyeyuki kiasi cha kusaidia. Tatizo la amakoro liko kwenye matundu yenyewe. Yalitokana na mapovu ya gesi ndani ya lava, na mengi yamefungwa kila moja peke yake, ndoo itakuonyesha. Amakoro si sumu, lakini yabaki chini kama msingi. Mawe ya chokaa ya chemchemi za moto za Mashyuza, kule Bugarama, yanastahili ndoo ileile na kipimo cha fosfeti, chakula cha mwani, kabla ya kuhukumiwa.

Wapo wanaosema jiwe kavu ni maiti, na kwamba jiwe hai tu, linalotoka baharini likiwa na viumbe wake, ndilo huleta uhai kamili wa mwamba. Kwa mtu wa Mombasa hoja hiyo ina nguvu. Kwa Kigali, viumbe wengi hufa njiani, huoza, na kilichonunuliwa kama uhai huingia tangini kama amonia. Wanaosalimika mara nyingi ni wasumbufu kama anemoni wa aiptasia. Kipande kidogo kutoka tangi lenye afya hapahapa mjini hutosha kupanda mbegu.

Maandalizi ndiyo yanayokimbiwa. Sugua kwa brashi na suuza. Jiwe lenye mabaki ya viumbe lilowekwe kwenye maji yenye jiki, lisuuzwe mara kadhaa, likaushwe juani mpaka harufu iishe. Jiki isikutane kamwe na siki wala asidi yoyote, kwani hutoa gesi ya klorini. Kisha loweka kwenye maji yaliyochujwa na upime fosfeti kila wiki, ukibadilisha maji mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Hatimaye weka maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, nyuzi 25 au 26, gizani ili mwani usiote, pampu ikizunguka muda wote. Hapa kimo cha mji kina maana: kwenye mita 1,500 hivi, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani, kwa hiyo usipange mawe kama ukuta, acha mapito. Tia bakteria, tia amonia kidogo, na usubiri wiki nne, sita, hata zaidi. Samaki wa kwanza asiingie mpaka amonia iliyotiwa leo ikutwe kesho ikisoma sifuri, na nitriti vilevile.