Msafiri ni Nani? Jarida la Safari za Anasa na Msomaji wa Kawaida

Wahakiki wa lugha aghalabu huyapita majarida ya safari bila kuyatazama mara ya pili. Huyahesabu kuwa ni biashara wala si fasihi, ni picha wala si maneno. Dharau hiyo ina hasara yake. Ni katika kurasa hizo ambamo pwani na mbuga za Afrika ya Mashariki huelezwa mwaka hata mwaka kwa watu ambao pengine hawatasoma kitabu kingine chochote juu yake. Na kurasa hizo hizo zimelichukua neno la Kiswahili, *safari*, zikalipamba, zikalirudisha kwa wenyewe likiwa halitambulikani. Swali ambalo watu huliuliza juu ya majarida haya, yaani kama jarida la anasa lamfaa mtu asiye na ukwasi, laonekana kuwa swali la mfuko tu. Mwenye fedha atafaidi, asiye nazo hatafaidi, basi. Kumbe ndani yake mna swali la lugha, nalo ni zito kuliko lile la kwanza: nani huitwa msafiri?

Mfano ulio bora wa kulijaribia swali hili ni *Condé Nast Traveler*, lililoanza kutolewa New York mwaka 1987. Hilo halikuanzishwa kwa nia ya kusifu tu. Mhariri wake wa kwanza, Harold Evans, alikuwa amejipatia jina Uingereza kwa kuliongoza gazeti la *The Sunday Times* tangu 1967 hadi 1981, wakati ambapo gazeti hilo liliwapigania watoto waliozaliwa na vilema kwa sababu ya dawa ya thalidomide. Mtu wa namna hiyo hakuwa tayari kuwa mpiga debe wa mahoteli. Alilipa jarida kaulimbiu ya ukweli katika safari, akaweka na kanuni: mwandishi asisafiri kwa hisani ya hoteli wala ya shirika la ndege, bali njia yake ilipiwe. Jarida lilikuwa pia na safu ya msuluhishi, ambamo msomaji aliyetendewa visivyo na kampuni ya usafiri alipeleka malalamiko yake, na jarida likaifuata kampuni hiyo kudai haki yake.

Haya si mambo madogo, na mhakiki mwadilifu hana budi kuyataja kabla ya kukemea. Abiria aliyepotezewa mzigo wake amepoteza mzigo, awe amekaa mbele ya ndege au nyuma karibu na choo. Kwa upande huu jarida la matajiri laweza kumfaa mtu wa kawaida kuliko vijitabu vingi vya bure vinavyotapakaa kwenye kaunta za mahoteli, ambavyo kila sentensi yake imelipiwa na anayesifiwa.

Lakini kanuni ya Evans ilihusu nani alipaye. Haikuhusu nani aonekanaye. Mwandishi aweza kulipa kila senti yake na bado asione ila yale ambayo chumba cha bei hiyo kinamruhusu kuyaona. Hapa ndipo lugha ya jarida la anasa inapostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa maana ufundi wake mkubwa umo katika sarufi. Nafsi yake ipendwayo ni ya pili: wewe. Tuseme, kwa sentensi iliyotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu, lakini ambayo msomaji wa majarida haya ataitambua mara moja: "Unaamka, kahawa imekwisha fika, unashuka ufukweni, taulo limekwisha tandikwa." Kahawa *hufika*; hailetwi. Taulo *hutandikwa*, hapana mtandikaji. Kiswahili kina kiungo kidogo, *na*, ambacho baada ya kauli ya kutendwa humrudisha mtenda mahali pake: limetandikwa na fulani. Jarida la anasa, kwa lugha yoyote liandikwalo, huishi kwa kukiacha kiungo hicho. Anasa yenyewe, ukiichambua, ni hali ya mambo kutendeka pasipo mtendaji kuonekana.

Ndivyo ilivyo pia kwa msamiati wa mahali. Maneno yapendwayo ni yale yanayodai kwamba pahali hapajaguswa, hapajagunduliwa, ni siri. Fikiri maneno hayo yakisemwa juu ya Lamu. Mji huo umekaliwa na watu mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Una misikiti, washairi, mafundi wa milango ya kuchonga na wajenzi wa majahazi. Kila mwaka hupokea umati wa watu wanaokuja kwa Maulidi. Na tangu 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Kuambiwa kwamba Lamu ni siri, au kwamba Shela haijagunduliwa, kwazua swali lile lile la mtenda: haijagunduliwa na nani? Wazee wanaoketi barazani wakati wa alasiri wamekwisha igundua. Tena waja kwa Maulidi, ambao ni wasafiri bila shaka yoyote, wanaopanda basi toka mbali hadi Mokowe kisha wakavuka kwa mashua, hawahesabiwi katika ugunduzi huo. Wao hawakufika, kwa mizani ya jarida. Wamo tu, kama minazi.

Bei hutajwa, haki isemwe. Hutajwa mwishoni mwa makala, kwa herufi ndogo, ikitanguliwa na neno "kuanzia", neno ambalo lina mwanzo na halina mwisho. Nazo orodha za kila mwaka za mahoteli bora, ambazo baadhi yake hupigiwa kura na wasomaji, zina udhaifu usiofichika: mtu hupigia kura alikolala, na alikolala ni kule ambako jarida lilimpeleka.

Yafaa hapa kulifuata neno *safari* lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili halijawahi kubagua. Mgonjwa apelekwaye hospitali yuko safarini. Mfanyabiashara yuko safarini. Maiti huombewa katika safari yake ya akhera. Na mtu aliyekosea jana husema "safari hii sitakosea" bila ya kuinua mguu. Neno liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19, kwa maandishi ya watu kama Richard Burton. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akafuatana na wapagazi zaidi ya 200, na masimulizi yake yakachapwa katika *Scribner's Magazine* kabla ya kuwa kitabu, *African Game Trails*, mwaka 1910. Kwa maandishi ya namna hiyo neno likaenea kote likiwa na maana ya msafara wa mtu mmoja tajiri. Wapagazi walitembea masafa yale yale, tena na mizigo kichwani. Lakini kwa maana mpya wao hawakuwa wenye safari; walikuwa sehemu ya safari ya mwingine, pamoja na mahema na masanduku. Jarida la anasa la leo limerithi maana hiyo. Limebadilisha bunduki kwa kamera tu.

Kiswahili, kwa upande wake, kina maneno kadha kwa mwendaji, na kila moja lamtazama kwa jicho lake. *Abiria* ni mpitaji, mwenye tiketi, asiye na jina. *Mgeni* hana maana bila mwenyeji. Ni neno la watu wawili, na methali isemayo kwamba siku ya tatu apewe jembe yamkumbusha kwamba heshima yake ina muda na kwamba kazi yamngoja. *Mtalii* ndilo neno lililoharibiwa zaidi na matumizi. Asili yake ya Kiarabu yahusiana na kusoma na kupitia jambo kwa makini, na katika Kiswahili kutalii ni kutembelea mahali ili kujifunza. Leo mtalii ni mtu mwenye kofia pana ndani ya gari lililofunguliwa paa. Ajabu ni kwamba maana ile ya zamani ndiyo ambayo majarida bora ya safari hudai kuitumikia: kwenda ili kujua. Kama yangekuwa makweli kwa dai hilo, yangeweza kuhukumiwa kwa neno la Kiswahili kuliko kwa neno lao wenyewe.

Fasihi ya Kiswahili haikosi mizani ya kupimia. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alitoa Göttingen mkusanyiko wa *Safari za Wasuaheli*, ambao Lyndon Harries alitafsiri sehemu zake kwa Kiingereza mwaka 1965. Mkusanyiko huo haukutokana na mapenzi matupu. Velten alikuwa mwalimu wa lugha Berlin, na dola yake ilihitaji watu waijuao lugha ya koloni. Hata hivyo mna humo masimulizi ya Selim bin Abakari, aliyekwenda hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa bwana wake Bumiller. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Kwa mizani ya jarida la anasa Selim ni yule mletaji wa kahawa, yaani mtenda asiyetajwa. Katika matini hii ndiye msemaji. Nafsi yake si "wewe" wa kubembelezwa, bali ni "mimi" na "sisi" wa mtu aliyekuwako, na masimulizi yake huenda kwa *-ka-*, tendo likizaa tendo, kila tendo na mwenyewe. Msomaji wa Pwani aliyesoma habari ya baridi ya Siberia kwa kauli ya Selim hakuuziwa kitu. Alipewa habari, na habari hiyo ilitoka kwa mtu wa hali yake.

Huenda mtu akajibu kwamba msomaji wa kawaida hasomi jarida la anasa ili asafiri, bali ili aote. Na ndoto haitozwi nauli. Hoja hii ina nguvu, wala si vema kuipuuza kwa kauli mbiu za kitabaka. Watu wamesikiliza hadithi za Alfu Lela Ulela bila ya kumiliki hata ngamia mmoja, na hapana aliyesema kwamba hadithi hizo haziwafai makabwela. Tofauti ni kwamba hadithi hujitambulisha kuwa ni hadithi. Jarida hujitambulisha kuwa ni ukweli, likatoa namba ya chumba. Zaidi ya hayo, ndoto ya msomaji wa mbali ina watu wanaoishi ndani yake. Pahali pakisifiwa kwa miaka mingi kuwa ni siri, nyumba hupanda bei, na mwenyeji anayetafuta pa kukaa hukuta kwamba mtaa wake umekuwa ndoto ya mwingine. Huyo naye ni msomaji wa kawaida, ingawa hakuna aliyemletea nakala.

Ziko namna nyingine za kuandika, nazo ni za zamani. Kitabu cha Arthur Frommer cha mwaka 1957 kilichowafundisha Wamarekani kuitembea Ulaya kwa dola 5 kwa siku kilikuwa na jibu lake kwenye jalada. Lakini kitabu kinachoshinda vyote kwa kumfaa msomaji wake hakina hata sentensi moja ya kupendeza. Nacho ni mwongozo ulioanzishwa mwaka 1936 na Victor Hugo Green, mtumishi wa posta aliyeishi Harlem, kwa ajili ya Wamarekani weusi wenye magari. Uliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960. Ndani yake mna majina ya miji, na chini ya kila mji majina ya nyumba za kulala, mikahawa, vinyozi na vituo vya petroli ambako mtu mweusi hatafukuzwa. Jina, mtaa, basi. Mhakiki wa fani hatapata cha kusema juu ya orodha hiyo, mpaka akumbuke kwamba kukosekana kwa mstari mmoja ndani yake kuliweza kumlaza mtu na watoto wake ndani ya gari, au kumfikisha katika mji ambamo jua halikupaswa kumchwea. Kenya nayo ilikuwa na hoteli zake za wakati wa ukoloni ambamo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Hapakuwa na Green wa kuziorodhesha.

Na leo? Shirika la ndege la Kenya Airways lilitoa kwa miaka mingi jarida la abiria wake lililoitwa *Msafiri*. Jina lilikuwa la Kiswahili, na yaliyomo yalikuwa kwa Kiingereza. Neno lilikaa jaladani kama shanga. Ardhini, treni ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ilipandishwa nauli Januari 2024, daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Vituo vyake vya mwisho ni Syokimau na Miritini, ambavyo vyote viwili viko nje ya katikati ya miji, hivi kwamba mwenye tiketi ya 1,500 bado hajafika. Atahitaji usafiri mwingine hadi mjini, na kama kwao ni kusini huenda akavuka kwa kivuko cha Likoni, ambacho aendaye kwa miguu hakilipii. Atahitaji kujua matatu husimama wapi nje ya Miritini, mzigo hutozwa kiasi gani, na mwanamke aliye peke yake aweza kungoja mahali gani hadi kupambazuke. Makala yenye habari hizo, ikiandikwa kwa Kiswahili sanifu na mtu aliyelipa nauli yake mwenyewe, ingetimiza kanuni ya Evans barabara, wala isingepata nafasi katika jarida lake.