Shaba ya Manowari na Hesabu ya Humphry Davy

Katika mambo yafundishwayo skuli katika elimu ya kemia, ni machache yanayokaririwa sana na kufahamika kidogo kama daraja za metali: potasiamu na sodiamu juu, kisha kalsiamu, magnesiamu, zinki na chuma, halafu risasi, na chini yake shaba, fedha na dhahabu. Mwanafunzi huihifadhi orodha hiyo kwa moyo, akajua ya kuwa zinki itiwapo katika tindikali hububujisha haidrojeni ilhali shaba hutulia, na hapo somo huwa limekwisha. Lakini iko amali moja, iliyofanywa Uingereza baina ya mwaka 1823 na 1828, ambayo naiona inazifafanua daraja hizo kuliko majaribio mengi ya bilauri, kwa kuwa iliifuata kanuni sawasawa na hata hivyo ikaleta hasara.

Manowari za mbao za zama zile zilivikwa mabamba ya shaba chini ya maji, ili mdudu atoboaye mbao asizifikie, na ili mwani na makombe yasigande; ni haja ile ile iliyowafanya mabaharia wa pwani yetu wayapake majahazi yao deheni ya chokaa na shahamu. Shaba ilifaa, ila ililiwa upesi na maji ya chumvi, na wakuu wa manowari, walipochoshwa na gharama ya kuibadili, wakalipeleka shauri hilo kwa Royal Society ya London, ambayo rais wake wakati huo alikuwa Humphry Davy, yule aliyezitoa potasiamu na sodiamu kwa nguvu ya umeme mwaka 1807.

Iliaminiwa ya kuwa bahari haiidhuru shaba safi, na kwamba ila ilikuwa katika uchafu uliochanganyika nayo. Davy aliikanusha dhana hiyo. Shaba, maadamu iko chini ya haidrojeni katika daraja, haina nguvu ya kuitoa haidrojeni katika maji. Iilayo ni oksijeni ya hewa iliyoyeyuka majini, ambayo, kwa lugha yetu ya leo, huzipokea elektroni za shaba, nayo shaba huyeyuka kidogo kidogo, ikajikusanya kuwa kutu ya kijani ioshwayo na mawimbi. Basi, ikiwa shaba huliwa kwa sababu ya kutoa elektroni, na iunganishwe na metali iliyo juu yake, itoe hiyo badala yake. Akaona ya kuwa kipande cha zinki kadiri ya punje ya njegere, au ncha ya msumari mdogo wa chuma, chatosha kuhifadhi inchi za mraba 40 au 50 za shaba, popote kiwekwapo juu yake, almuradi metali hizo mbili zigusane na maji yale yale yazizunguke zote. Sijui hoja katika kemia ya karne ile iliyokwenda kwa unyofu zaidi kutoka kwenye fikra hadi kwenye kitu kishikikacho mkononi.

Mwaka 1824 manowari Samarang ilifungwa vipande vya chuma cha kusubu, ikavuka Atlantiki hadi Nova Scotia na kurejea, na shaba yake ikaonekana imehifadhika. Merikebu nyingine nazo zikafungwa. Kisha zikaanza kuja habari mbaya: zilizotiwa kinga zilikuwa zimeota mwani na makombe kiasi cha kupoteza mwendo. Mwaka 1825 kinga zikaamriwa ziondolewe katika merikebu zilizotia nanga bandarini, na mwaka 1828 shauri lote likaachwa. Davy alifariki mwaka uliofuata.

Kosa lilikuwa wapi? Si katika daraja za metali, kwani zinki na chuma vilifanya kama vilivyopaswa kufanya. Sababu ya kwanza ni kwamba chembe za shaba zinazoyeyuka ni sumu kwa viumbe vya baharini. Kule kupungua kwa shaba, kulikohesabiwa kuwa hasara, ndiko kulikokuwa kazi yake. Ya pili ni ya besi, nayo ndiyo aghalabu husahauliwa. Oksijeni ipokeapo elektroni juu ya uso wa shaba huzaa haidroksidi, na maji yaugusayo uso huo huwa besi. Na kwa kuwa bahari ina magnesiamu na kalsiamu tele, magnesiamu hutua hapo kama haidroksidi, na kalsiamu kama kaboneti, yaani jiwe lile lile la matumbawe. Shaba iliyokwisha kukosa sumu ikavikwa tena utando wa chokaa, na makombe yakapata mahali pazuri pa kushika. Davy alitumwa kuihifadhi shaba, akaihifadhi; aliyetaka merikebu iendayo mbio alipaswa kuuliza swali jingine.

Leo merikebu za chuma hufungwa vipande vya zinki kwa kanuni ile ile ya Davy, na aghalabu hupakwa rangi yenye oksidi ya shaba ili viumbe visigande: kazi mbili zilizogongana mwaka 1824 zimepewa vitu viwili mbalimbali.

Nawasihi walimu wa kemia wafunge kipande cha zinki na cha shaba kwa waya, wavitie katika maji ya chumvi yenye matone ya fenofthalini, kisha wawaache wanafunzi watazame: rangi ya waridi itatokea upande wa shaba.