Istilahi "Ijielezayo": Hujieleza kwa Nani?

Katika kutetea istilahi mpya, hoja itolewayo mara kwa mara ni kwamba neno fulani "linajieleza lenyewe". Hoja hii yafaa ihakikiwe. Neno hueleweka kwa kadiri ya maarifa aliyo nayo msomaji. Sisi tunaounda istilahi tumekwisha kuijua dhana kabla ya kulitafuta neno, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba wengine nao wanaiona dhana hiyo ndani ya neno.

Mwelekeo huu wa binadamu, wa kudhani kuwa yaliyomo akilini mwake yamo pia akilini mwa wenziwe, umechunguzwa na wanasaikolojia. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge meza kwa kufuata mapigo ya nyimbo zijulikanazo sana, na wasikilizaji wazitambue. Wagongaji walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima moyoni mwake. Msikilizaji alisikia meza.

Tuchukue neno "usanisinuru", litajalo jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua. Kwa mtaalamu, "usanisi" na "nuru" vimeungana vizuri. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua "nuru" peke yake. "Usanisi" kwake ni fumbo ndani ya fumbo. Hatusemi neno hili lifutwe, kwani limekwisha kuenea vitabuni. Tunasema kwamba mwalimu ndiye alielezaye, na kitabu kisichompa maelezo hayo kinamtwika mzigo usio wake.

Tutazame pia "stashahada" na "astashahada". Sifa mbili za elimu zimetenganishwa kwa irabu moja. Afisa azishughulikiaye kila siku hatatizwi nazo. Lakini mwombaji kazi anayesikiliza tangazo redioni aweza kukosa nafasi yake kwa sababu ya "a" isiyosikika vyema.

Wafasiri nao hawakusalimika. Afasiriye tangazo la Kiingereza na kuiacha 8 ya asubuhi iwe "saa 8" amesahau kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa kunapopambazuka. Mwananchi atafika saa nane mchana, akiwa amechelewa kwa muda wa saa sita, na lawama atabebeshwa yeye.

Kuwauliza wanakamati wenzetu kama neno linaeleweka hakutoshi, maana wao wamekwisha kuusikia wimbo. Tunapendekeza kwamba, kabla orodha yoyote haijapitishwa, kila neno lipelekwe kwa watu wachache wasiokuwamo kikaoni: mwalimu, karani, muuguzi, mkulima. Wasionyeshwe neno la kigeni wala fasili. Waulizwe tu wanaelewa nini, na majibu yao yaandikwe kama yalivyo, hata yakituudhi. Neno lisiloeleweka si lazima litupwe, kwani dhana ngeni haina budi kufundishwa. Ila lisitolewe kwa umma bila fasili yake na mfano mmoja wa matumizi.