Sasa, Zamani na Kesho: Athari Zilizojificha katika Fikra za John Mbiti

John Mbiti (1931–2019), kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui, husomwa mara nyingi kama msemaji wa falsafa ya Kiafrika isiyochanganyika. Katika African Religions and Philosophy (1969) aliyatwaa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya istilahi. Kisha, kwa ushahidi wa njeo za Kikamba, alidai kwamba wakati ujao wa Mwafrika wa jadi hauzidi miaka 2 hivi. Makala haya yanauliza: swali lenyewe la wakati ujao lilitoka wapi?

Halikutoka Ukambani pekee. Tasnifu ya uzamivu ya Mbiti, Cambridge 1963, ilihusu mafundisho ya siku za mwisho katika Agano Jipya. Wanateolojia wa Ulaya walikuwa tayari katika mjadala mkali juu ya wakati. Oscar Cullmann, katika Christus und die Zeit (1946), alikuwa ameupambanisha mstari wa wakati wa Biblia na duara la Wayunani. Katika hoja ya Mbiti, Mwafrika anakalia kiti cha Myunani, naye huungoja wakati ujao kutoka kwa Injili. Athari hii imo katika umbo la hoja, hata pale ambapo hakuna jina linalotajwa. Okot p'Bitek (1970) aliwashutumu wasomi wa aina hii kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Kuhusu wakati, vazi lilishonwa Basel.

Lugha yenyewe inapinga. Zamani, katika asili yake ya Kiarabu, ni wakati kwa jumla. Na kiambishi -ta- hakina ukomo wa miaka. Maisha ya Kibera na Kawangware yanapinga pia. Mpangaji wa chumba cha mabati Kawangware hujenga kidogo kidogo kijijini kwao. Wanubi wa Kibera walidai ardhi kizazi baada ya kizazi, hadi walipopewa hati ya ekari 288 mwaka 2017.

Mbiti aweza kutetewa: alikiri kwamba Ukristo na elimu ya kisasa vilikuwa vikiurefusha wakati ujao. Hata hivyo, utetezi huo unamfanya mgeni kuwa mleta kesho, ilhali methali "akiba haiozi" haikungoja darasa la mmisionari.

Suala hili si la maktaba tu. Anayeamini kwamba mkazi wa Kibera hafikirii mbali ataona ni halali kumpangia kesho yake bila kumwuliza. Mchango wa Mbiti ni mkubwa. Kuufichua mzizi wake wa Ulaya ni kuusoma kwa makini zaidi, wala si kuubeza.