Césaire: Mshairi Aliyekaa Bungeni Miaka 48

Ukimtaja Aimé Césaire mbele ya wapenzi wa fasihi, wengi watakujibu kwa neno moja: Negritudi. Wanamjua mshairi wa Martinique na lile shairi lake refu la kurejea nyumbani, lililotoka 1939. Basi, wanaishia hapo. Ubunge wake wanauona kama kibarua tu cha kumlisha. Mimi nasema tamthilia zake hazisomeki vizuri ukimwacha mbunge nje ya mlango.

Hebu tuhesabu. Aliingia Bunge la Ufaransa 1945, akatoka 1993. Mwaka 1946 yeye ndiye aliyewasilisha bungeni muswada ulioitoa Martinique, pamoja na Guadeloupe, Guyane na Réunion, katika ukoloni na kuifanya mikoa ya Ufaransa. Alichotaka ni usawa: mkata miwa wa kwao apate haki zilezile za mfanyakazi wa Paris. Sheria ikapita, lakini usawa wenyewe ukaja kwa kujikokota. Kima cha chini cha mshahara kililingana na cha Ufaransa 1996, yeye keshaondoka bungeni!

Ndiyo maana wapo waliomsuta. Raphaël Confiant, mwandishi wa hukohuko Martinique, alimwandikia kitabu kizima 1993. Inakuwaje mtu aliyeuchana ukoloni katika insha yake ya 1950 awe ndiye aliyeifunga nchi yake kwa Ufaransa? Swali la haki kabisa. Ila kwangu, Césaire alikuwa ameshajiuliza swali hilo mapema, jukwaani.

Tazama tamthilia yake ya 1963 kuhusu Mfalme Christophe wa Haiti. Christophe anataka watu wake, waliokuwa watumwa jana tu, wasimame sawa na mataifa makubwa, tena leo leo. Anawatumikisha kujenga ngome mlimani mpaka wanamchoka, na mwisho anajiua. Mwaka 1966 ikaja Une saison au Congo, inayomhusu Patrice Lumumba. Tunamkuta kwanza akinadi bia Léopoldville, kisha tunamfuata mpaka kifo chake. Lumumba halisi alikaa kwenye uwaziri mkuu majuma kama kumi tu kabla ya kufukuzwa, Septemba 1960.

Sasa weka majuma kumi kando ya miaka 48. Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Césaire mbunge aliishi na maumivu ya ile ya pili. Césaire mtunzi akawa anaandika juu ya watu walioangamizwa na ile ya kwanza. Hamhukumu Lumumba kwa haraka yake, wala hajifichi nyuma ya subira yake mwenyewe. Mzozo huo ndio unaozipa tamthilia hizi joto.

Kasoro ipo. Wenye mabenki katika tamthilia ya Kongo wamechorwa kama katuni, na Lumumba mara nyingine huongea kama nabii kuliko mwanasiasa mwenye kura za kuhesabu. Ajabu, kwa mtunzi aliyezihesabu kura maisha yake yote!

Hata hivyo, zisome zote mbili, ukianza na Christophe. Na ukifika kwa Lumumba, kumbuka kwamba aliyeshika kalamu alikuwa na kiti chake bungeni Paris, kwenye nchi ambayo insha yake iliishitaki.