"Mnazi" na Suala la Umilikaji katika Sauti ya Dhiki

Katika uhakiki wa Kimarx uliostawi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, mshairi alipimwa kwa swali moja kubwa: je, amelitambua tabaka linalonyonya na tabaka linalonyonywa? Kipimo hicho kikitumiwa kwa Sauti ya Dhiki (1973), diwani ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Kuze katika Mji wa Kale wa Mombasa, msomaji mwenye haraka huenda akavunjika moyo. Msamiati wake ni wa haki na dhuluma, ukweli na msimamo. Tabaka halitajwi kwa jina. Mtu aliyefungwa miaka 3 (1969-1972) kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi? ataonekana kuwa mwanamaadili kuliko mwanamapinduzi.

Hukumu hiyo inalisahau shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanajibizana juu ya mti. Imezoeleka kuufasiri mnazi huo kuwa ni Kenya, na ugomvi kuwa ni ule wa watawala wa KANU na wapinzani wao wa KPU, chama kilichoundwa 1966 na kupigwa marufuku 1969. Fasiri hiyo inakubalika, ila inauruka mti wenyewe. Kwa nini mnazi, wala si ng'ombe? Pwani, mti na udongo unaoulea vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali: huyu ana minazi, yule ana ardhi. Kisiwani Mombasa hali ni hiyo hiyo kwa nyumba. Huko Majengo mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kukilipia kodi. Sheria ya ardhi ya 1908 ndiyo iliyozidisha utata, kwani ardhi ya Pwani isiyodaiwa mbele ya serikali ilifanywa mali ya Taji la Uingereza. Kwa msikilizaji wa Mvita, basi, kuuliza mnazi ni wa nani ni kuuliza nani kapanda, nani katunza, na nani anakula. Hayo ni maswali ya nyenzo za uzalishaji mali, yaliyoulizwa bila ya istilahi za vitabuni.

Hata hivyo, istiari ya undugu ina gharama yake. Ndugu wakigombana, dawa ni kugawana kwa haki. Tajiri na kibarua wake hawagombanii urithi. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, na shughuli za bandari ya Kilindini zikasimama. Katika mji wa mshairi, ubeberu ulikuwa na sura inayoonekana: meli, makampuni, ujira. Lakini jukwaa la "Mnazi" lina wasemaji wawili tu. Mkwezi wa kulipwa hakupewa ubeti, wala mnunuzi wa mbata aliye ng'ambo. (Diwani yenyewe ilichapishwa na Oxford University Press, ikapata 1974 tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.)

Ndiyo maana shairi laweza kusomwa kana kwamba ndugu wa pili akiushika mti, mambo yatatengenea. KANU iliondoka madarakani 2002, na mwenye nyumba wa Majengo aliendelea kulipia kiwanja.