Mkono Unaopima Shafti

Gari la dizeli likianza kutoa moshi wa bluu huku Kibiti, hukumu hutoka haraka: tabo imekufa, tafuta nyingine. Mwenye gari anapanda basi hadi Dar es Salaam, anazunguka maduka ya vipuri ya Gerezani, anarudi na tabo ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari lililochakaa Japani. Anaifunga. Haupiti muda, moshi umerudi, na fedha ya korosho imekwenda. Nataka kuusifu ufundi unaokataa njia hiyo: ufundi wa kuifungua tabo iliyotumika, kuisoma kipande kwa kipande na kuijenga upya nyumbani, hata ikiwa nyumbani ni Mtunda, humu humu Kibiti, mbali na karakana yenye mashine kubwa.

Wazo la tabo lenyewe lina umri mkubwa kuliko lami yetu. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilisajili mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na kasi, basi uzungushe feni, na feni hiyo izungushe nyingine upande wa pili ili kuisukumia injini hewa zaidi. Ilichukua takriban miaka 20 kabla wazo halijaingia baharini, katikati ya miaka ya 1920, ndani ya meli mbili za abiria za Ujerumani ambazo injini zake zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Leo nguvu hiyo ya bure imo kwenye malori yanayovuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililovuka mto Rufiji tangu mwaka 2003, na imo kwenye Prado za injini ya 1KZ, zilizoanza kutoka kiwandani miaka ya 1990 na bado zinapita barabara zetu za udongo zimejaa watu na magunia.

Kazi huanza kwa kalamu, kabla ya spana. Fundi mzuri huchora mstari unaovuka kutoka kasha la moto, la upande wa moshi, kuingia kitovuni, sehemu ya katikati inayobeba shafti, na mwingine kutoka kitovuni kuingia kasha la baridi, la upande wa hewa, kwa sababu makasha hayo yanaweza kuzungushwa na kufungwa pembe yoyote, na ukikosea kidogo tu mabomba yatagoma kukutana na injini. Kisha anatia alama ndogo kwenye nati, kwenye ncha ya shafti na kwenye feni ya baridi, zote tatu katika mstari mmoja. Kiwandani vipande hivyo vilisawazishwa vikiwa pamoja, na ni lazima virudi pamoja kama vilivyokuwa. Namheshimu sana mtu anayetumia nusu saa kuweka alama huku mwenye gari amesimama nyuma yake anahema. Zile boliti za upande wa moto, zilizoshikana kwa kutu na joto, hazivutwi kwa hasira. Zinalowekwa mafuta ya kupenya, zinagongwa taratibu, zinaachwa, zinarudiwa. Boliti ikikatika ndani ya chuma cha kuyeyushwa, kazi ya asubuhi moja inageuka ya juma zima.

Baada ya hapo vipande vinaanza kusema. Mapanga ya feni ya baridi ni ya aluminiamu, na makali yake yakiwa yamelika na kupinda, ujue eya klina imetoboka au mpira wake umeacha mwanya. Vumbi la kiangazi katika njia za Kibiti ni laini kama unga, lakini likiingia kwa kasi hiyo linasaga chuma. Kama panga limevunjika au kumeguka, kitu kigumu kimepita, kama nati iliyosahauliwa kwenye bomba la hewa. Upande wa moto, feni ya aloi ya nikeli huvumilia moshi unaoweza kufika nyuzi 700 za Selsiasi, na kwa hiyo ikiwa imekwanguka mzunguko mzima, mara nyingi kosa liko katikati, kwenye bushi zilizokwisha, ambapo shafti imeanza kuyumba na kugusa kasha. Oili iliyoungua na kuganda kitovuni kama lami inaeleza tabia ya dereva: anazima injini ikiwa bado imepamba moto, oili inabaki imesimama mahali pa joto kali na kugeuka makaa.

Halafu inakuja shafti, na hapa ndipo napenda kumtazama fundi. Anaishika ncha kwa vidole viwili, anaisukuma juu na chini, nayo inacheza. Wengi wakiisikia ikicheza hivyo huitupa. Lakini bushi za tabo hizi zimetengenezwa zielee. Kuna mwanya ndani yake na mwanya nje yake, oili inaujaza ule wa ndani na ule wa nje, na kazini chuma hakigusi chuma. Kavu, juu ya meza, shafti lazima icheze. Fundi anadondosha oili kidogo kwenye tundu la kuingilia, anaizungusha, anapima tena: mchezo unapungua. Anaisukuma ubavuni huku akiizungusha polepole, akitega sikio na macho kama panga linagusa kasha. Likigusa, bushi zimekwisha. Lisipogusa, bado ana cha kujenga. Mchezo wa mbele na nyuma ndio wa kuogopwa zaidi. Anaweka saa ya kupimia, ile yenye mshale wa sehemu za milimita, kwenye ncha ya shafti, anavuta na kusukuma. Kwa tabo nyingi za magari madogo, mshale ukivuka 0.1 mm hivi, beringi ya kuzuia msukumo imechoka. Unywele wa binadamu unakaribia unene huo. Mkono uliozoea huhisi tofauti kabla saa haijaitoa, lakini fundi ninayemsifu hupima hata hivyo.

Na kuna siku uchunguzi wote unaisafisha tabo na kukihukumu kitu kingine. Moshi wa bluu ule ule hutokea bomba la kurudishia oili likiwa limeziba au limepinda, maana oili hushuka kwa uzito wake tu, haina wa kuivuta, ikikosa njia ya kushuka inapita kwenye ringi na kuungua. Hutokea pia shinikizo likiwa kubwa ndani ya injini kwa sababu pistoni zimechoka, au pumzi ya injini imeziba. Hutokea mtu aliyepita kabla alipopaka silikoni kwenye mdomo wa bomba la oili, na uzi wake ukakatika na kuziba tundu dogo la kuingizia. Ndiyo maana ile tabo ya Gerezani haikumsaidia mwenye gari: alibadilisha kilichoumia, akakiacha kinachoumiza.

Ujenzi wenyewe ni wa upole. Mafuta ya taa, brashi ya manyoya, kijiti cha mti cha kukwangulia makaa, hewa ya kupuliza tundu za oili. Brashi ya waya haigusi feni ya aluminiamu, wala msasa. Seti ya ukarabati huleta bushi mpya, ringi, klipu na beringi ya msukumo, na ringi zile ndogo, za chuma kama za pistoni, hupachikwa kwa vidole bila kupanuliwa zaidi ya haja. Kila kipande huingia na oili safi. Nati ya feni ya baridi kwenye tabo nyingi ina meno ya kinyume, na fundi anajua ni upande gani inakaza kabla hajaiwekea nguvu.

Hapo ndipo nyumba inapoishiwa. Tabo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gramu moja ikiwa imezidi sentimita moja kutoka katikati, kwa mwendo huo inaivuta shafti kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 110 hivi, zaidi ya mifuko miwili ya saruji, na kuivuta hivyo kila mzunguko. Jicho na kidole haviwezi kuupima usawa wa namna hiyo. Ikiwa feni imebadilishwa, au panga limenyooshwa, au alama zile tatu zimepotea, kitovu lazima kiende kwenye mashine ya kusawazisha, na hiyo haiko Mtunda. Fundi anakifunga kitovu kwenye kitambaa na kukipeleka mjini, na kusema waziwazi kwa mwenye gari kwamba kazi hiyo hawezi kuimaliza hapa. Kwangu mimi sentensi hiyo ina hadhi sawa na kazi yote iliyotangulia.

Tabo ikirudi, anajaza oili kwenye tundu kabla ya kuunga bomba, anaizungusha kwa mkono, kisha anakata mafuta ya dizeli na kuipigisha injini stata mpaka oili itoke upande wa kurudia. Ndipo anawasha, bila kukanyaga. Baada ya mwendo wa kwanza anarudi kwenye boliti za upande wa moto, kwa kuwa chuma kilichopashwa na kupoa hulegea, na anamwambia dereva: "Bwana, ukifika, iache iungurume dakika moja au mbili kabla hujazima."

Ujira wake huhesabiwa kwa vipande vilivyobadilishwa. Ikitokea kwamba aliona bomba lililoziba, akalizibua, na tabo ikabaki nzima, mwenye gari hulipa kidogo kwa sababu hakuna kipya cha kumwonyesha. Nadhani hapo ndipo alipopaswa kulipwa zaidi. Muda wa kupima uwekewe bei yake peke yake, na utajwe mapema, kabla boliti ya kwanza haijalegezwa.